Kadi ya Nasimiyu

Haki ya Mungu hii haina chumvi: ilitokea Waithaka, na hiyo meza bado ipo.

"Bila kadi sikudungi, mama," nesi alirudia. "Nitajuaje ulidungwa lini? Zimekuja dozi kumi tu, na saa sita nafunga."

Mara tatu Nasimiyu alikuja na kadi, akaambiwa dawa ya kupanga uzazi imeisha. Leo dawa imefika, simu ikamkuta Kitisuru akifulia watu, akakimbia kliniki mikono mitupu. Na si mchezo: uzazi wa tano ulimtoa damu hadi daktari akamwonya kwamba wa sita utamzika. Mumewe Isaya, mzee wa kanisa, alijibu kwamba anayepanga ni Mungu. Tangu hapo alidungwa kwa siri.

"Sista, nihesabie moja. Nakuja."

Nyumbani alimkuta Isaya sebuleni na Mzee Kitonga, mwenyekiti wa wazee wa kanisa. Kadi ilikuwa humo humo sebuleni, hatua mbili kutoka mlangoni. Siku zote yeye huichukua wakati Isaya ameenda kukatia ng'ombe majani. Leo ng'ombe watangoja.

"Mimi hii Biblia naisoma kila alfajiri," Isaya alikuwa akimwambia mgeni, akiipigapiga pale mezani. "Mwanzo mpaka Ufunuo. Miaka minne sijaruka hata siku moja!"

Nasimiyu alipangusa meza. Akaipangusa tena. Saa tano na nusu.

"Mama Anita, utaitoboa hiyo meza," Isaya akacheka.

"Ni vumbi, Baba Anita. Linajaa mahali hapaguswi."

"Basi msomaji," Kitonga akasema, "hebu tufungulie Zaburi."

Isaya akakohoa. Akaifungua kama mtu anayefungua mlango wa jirani. Kadi ikateleza, ikatua kwenye viatu vya Kitonga.

Mzee akaiokota. Akavaa miwani, akasoma jina, akahesabu mihuri kwa kidole, mmoja mmoja. Kumi na mitano. Nasimiyu alishika kitambaa kwa mikono yote miwili.

"Muhuri wa kwanza ni wa miaka minne iliyopita, Isaya," Kitonga akasema polepole. "Na wewe unasoma kila alfajiri?"

Isaya akamtazama mkewe. Akaitazama Biblia.

"Ndiyo, mzee," akasema. "Si ni mimi humtunzia hiyo kadi?" Akatia mkono mfukoni. "Mama Anita, shika pesa ya boda. Utachelewa kliniki."