Mbao za Wilmar

Ligia alisikia ubao ukigusa sakafu ya karakana. Aliacha mahindi kwenye kinu, akaja mbio mikono imejaa unga.

"Hizo ni za Wilmar."

"Najua ni za nani," mumewe alijibu.

"Basi zirudishe juu."

Gildardo hakuzirudisha. Zilikuwa mbao tano za mwerezi, kila moja ndefu kumpita mtu mzima, zilizolala darini tangu mwaka mwana wao wa pekee alipotoka nyumbani. Kila mteja aliyeziulizia alijibiwa kwamba zina mwenyewe. Awali zilikuwa sita. Moja aliishusha Jumatatu, baada ya simu kutoka mjini, akaifanyia kazi peke yake, mlango umefungwa.

"Wilmar anakuja Jumamosi," alisema. "Watu watajaa humu. Wataosha mikono wapi? Kwenye sinki lililokaa juu ya matofali? Miaka yote hii unanidai kabati, leo nalitengeneza unanigombeza."

"Subiri kidogo, mzee wangu. Huenda wakapiga simu tena. Wakasema anazihitaji na hizi."

"Hawatapiga. Nimewauliza mara tatu."

Ligia alifuta mikono kwenye aproni. Aliifuta na kuifuta, hata ilipokuwa haina unga tena.

Seremala akaanza kupiga randa. Vitu vya karakana huwa anavigongelea misumari tu, yaishe, lakini kabati hili hakuligusisha msumari. Alichonga ndimi na matundu kwa patasi, akaacha nafasi ya kupitisha mabomba kwa nyuma. Alhamisi alikata ubao wa pembeni ukawa mfupi kwa vidole viwili. Katika miaka arobaini ya ufundi hakuwahi kukosea kipimo namna ile. Aliuweka chini, akaukalia, akashika kichwa.

Alikaa hivyo mpaka alipomwona Ligia amesimama mbele yake. Mkewe alichukua ubao mwingine, akaushika upande mmoja, akamngoja aushike wa pili.

Ijumaa akaja Yaneth, fundi bomba. Alikuwa mgeni mahali hapo, hana hata mwezi, na mdomo wake haukupumzika. Alijiingiza ndani ya kabati, miguu tu ikabaki nje.

"Don Gildardo! Mwerezi kwa sinki la kuoshea brashi? Mbona mimi nahamia humu humu na godoro langu!"

"Zilibaki."

"Mabaki haya? Basi na mimi nitupiwe." Alicheka, sauti yake ikavuma ndani ya mbao. "Nasikia kijana anarudi kesho. Amekaa huko muda gani?"

"Miaka ishirini na miwili."

"Mama yangu! Na simu anapiga?"

Gildardo alimpa spana.

"Watoto hawa, acha tu," Yaneth aliendelea. "Unamzaa wewe, anakuwa wa dunia. Sasa sikiliza, doña Ligia. Akishuka kwenye gari tu, kofi moja kwanza. Ndipo umkumbatie."

Ligia alikuwa amekaa mlangoni akishona. "Kumkumbatia nitamkumbatia," alisema.

Yaneth alitoka chini ya sinki, uso umejaa vumbi la mbao. Akaona kile kilichokuwa mapajani mwa mama yule: mto mweupe, mdogo kama mkate, una herufi W iliyotariziwa kwa uzi wa buluu.

"Kumbe anakuja na mtoto mchanga! Mbona mlinificha? Mmekuwa babu na bibi!"

"Ni wa Wilmar," Ligia alisema, akakata uzi kwa meno.

Yaneth alicheka, akidhani anataniwa. Akafungua bomba. Maji yalitoka kwa kikohozi, kisha yakatulia, na chini hapakudondoka hata tone. Gildardo alipitisha kiganja juu ya mlango wa kabati, taratibu, mara mbili, kama anayempapasa mgonjwa aliyelala.

"Kesho napita kumwona," Yaneth alisema akikusanya vifaa vyake.

"Pita, mwanangu," Ligia alimwambia. "Yeye alipenda sana watu wa maneno mengi."

Jumamosi, saa sita mchana, Yaneth alifika amevaa gauni la njano, mkononi sinia la keki ya mapera. Barabara ilikuwa imejaa watu, lakini hakuna aliyekuwa anapiga kelele. Gari jeupe kutoka mjini lilikuwa limeegeshwa mlangoni. Wanaume walimpisha, kofia zao mikononi. Ndani ya karakana wanawake walikuwa wamepanga mstari mbele ya sinki, wakinawa mmoja mmoja, na kila mmoja wao amevaa nyeusi.

Yaneth akasimama na sinia lake. Alitazama huku na huku akimtafuta mwanamume wa miaka arobaini na kitu, aliyechomwa na jua la ugenini.

Ligia akamjia. Alimpokea sinia, akampa jirani, kisha akamshika mkono na kumpeleka kwenye meza ya kazi, mbele ya jeneza la mwerezi lenye urefu wa sentimita sitini.

"Ni mfupa wa paja, taya, na mbavu tatu," alimwambia. "Waliomfukua wamesema vingine wameshaacha kutafuta."