Hadubini Si Ng'ombe

Ufagio ulikuwa umevaa shada la maua. Ndoo nayo, na feni, na baiskeli ya Mzee Arumugam iliyoegeshwa mlangoni. Katika maabara nzima ni hadubini peke yake iliyokaa uchi.

"Hadubini si ng'ombe!" Profesa Ilango alikuwa amefoka Ijumaa, siku ya Ayudha Puja, sikukuu ya Wahindu ya kubariki vyombo vya kazi, mzee huyo mhudumu wa maabara alipopita na bakuli lake la unga wa manjano akikipaka baraka kila kimoja. "Haipakwi, haivishwi, haiombewi. Nenda kapake ufagio wako."

Sasa sikukuu ilikuwa imekwisha, maua yamenyauka, na Poongodi, mwanafunzi wa Profesa, alikuwa ameiinamia hadubini hiyo huku jasho likimtiririka. Saa nne kamati ingeingia kutoka Delhi. Isipoona mwanga, chumba kingepewa watu wengine, na miaka yake minne ya kutafuta shahada ya uzamivu ingekwenda na maji.

Mwanga wenyewe haukuwa mkubwa. Juu ya kioo alikuwa amepanga vipande vya dhahabu viwiliviwili, vyembamba kuliko unywele mara elfu, na katika mwanya wa baadhi ya jozi alitega chembe moja ya kung'aa. Chembe ikiwa peke yake hung'aa kwa uvivu. Ikibanwa katikati ya dhahabu, hutema mwanga mara mia zaidi. Hesabu zilikubali. Hadubini ndiyo iliyogoma, kwa sababu huwezi kulenga kitu usichokiona, na usipokilenga hutakiona.

"Bado?" aliuliza Profesa. Siku hiyo aliwahi kazini kuliko wafagizi, jambo ambalo halijapata kutokea, na chai alikuwa akiinywa na glavu zake mikononi. Vumbi alikuwa akiliogopa kuliko nyoka.

"Bado, Profesa."

Kwa kukata tamaa tu, Poongodi akakisogeza kioo mpaka kwenye kona, akazungusha skrubu ya kulengea huku na huku. Mashine ya kuhesabu mwanga ikasoma thelathini, thelathini, kisha ikaruka: elfu nane.

Nusura apige vigelegele. Halafu akakumbuka kwamba kwenye kona hakupanga dhahabu yoyote. Akainua kichwa, akachungulia kwa macho matupu. Palikuwa na nukta ndogo kama punje ya ulezi, ya rangi aliyoijua tangu jikoni kwa mama yake. Manjano ukiyamulika kwa leza ya bluu, kama ile ya hadubini, yanawaka kama taa za harusi.

"Mzee Arumugam," alimnong'oneza kwa hasira mhudumu aliyekuwa akifuta meza ya pili, "umenimaliza!"

"Mimi tena? Mwanangu, hata bakuli langu sijaliona tangu asubuhi."

Kabla mzee hajajibiwa, mlango ukafunguka. Mwenyekiti wa kamati, Daktari Sanyal, mama wa Kolkata asiyecheka ovyo, alikwenda moja kwa moja kwenye mashine.

"Elfu nane! Ndiyo chembe yako hii, binti?"

Ulimi ulimwasha Poongodi. Neno moja tu, na miaka minne imeokoka.

"Hapana, Daktari," alisema. "Hayo ni manjano. Ya kupikia."

Profesa akapaliwa na chai.

Lakini kwa ajili ya nukta hiyo hadubini, kwa mara ya kwanza, ilikuwa imelenga uso wa kioo sawasawa. Poongodi hakuigusa tena skrubu. Alikisogeza kioo taratibu kutoka kwenye kona hadi kwenye dhahabu. Thelathini. Thelathini. Elfu tatu. Akasogea kidogo tu: thelathini. Akarudi: elfu tatu. Machozi yakamlengalenga, wala hakuona aibu.

"Hii sasa ndiyo chembe," alisema Daktari Sanyal, na akacheka. "Chumba ni chenu. Ila hayo manjano nani kayaweka?"

"Ah, Daktari, watu wetu hawa!" Profesa alimkata jicho Mzee Arumugam. "Unawakataza mchana kweupe, wanakuzunguka. Leo kilichofanya kazi ni sayansi, si baraka za bakuli."

"Kweli kabisa. Hongera, Profesa." Daktari Sanyal akanyoosha mkono, akaurudisha. "Hebu vua hizo glavu kwanza. Mimi sipeani mkono na mpira."

Profesa Ilango akaanza habari ndefu kuhusu vumbi. Mkono wa mama ulibaki hewani ukimngoja. Mwishowe akavuta glavu ya kulia, polepole, na kidole chake cha pete kikatokeza: cha manjano mpaka pingili ya pili.

Mzee Arumugam akakohoa kwa adabu, akauliza kama sasa angeweza kurudishiwa bakuli lake.