Mtungi wa Faini

Nyani mzee, hakimu wa wanyama, alimkuta Ngiri akinusa pombe ya asali.

"Pombe inataka kichwa kilichokomaa, kijana," akamfokea, akamtoza faini ya mtungi mzima. Kwa desturi yao, pombe ya faini hunywewa na hakimu.

"Nakunywa kwa ajili ya magoti tu," alisema Nyani, akaumaliza peke yake, ndevu zake za mvi zikiogelea kwenye povu. Alipotaka kuinuka, magoti yale yale yakamgomea. Ngiri, ambaye hakuwa ameonja hata tone, akambeba mgongoni.

Njia nzima Nyani alining'inia huku na huku, akivuta masikio ya Ngiri asianguke. Walipofika kwake, akamnyooshea kidole.

"Unayumba, mlevi wewe. Kesho lete mtungi mwingine."