Nati ya Jumapili

Jumapili hii Monsef hakutoka kuangalia kama gari limevuja. Alijua halikuvuja. Jana yake, kwa mara ya kwanza tangu msimu wa machungwa, hakuilegeza nati ya oili.

Ndiyo, mlegezaji alikuwa yeye mwenyewe. Tangu mkewe afariki, nyumba ile ya mjini Sfax ilikuwa na ukimya wa kutisha. Lakini gari likivuja, jirani yake Hedi, fundi mstaafu wa bandarini, huja, na asubuhi nzima huisha kwa soga na chai ya lozi. Wiki iliyopita magoti ya Hedi yaligoma, akashindwa kuinuka. Monsef aliona haya. Kumtesa mzee mwenzake kwa uongo! Akaapa kuacha. Sasa alikaa na birika lake, mpweke, akijuta kuapa.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Hedi.

"We Bwana Monsef, umelala? Gari lako linavuja!"

Kweli, doa lilikuwepo. Monsef akamshukuru Mungu kimoyomoyo kwa ubovu wa kweli.

Gari lenyewe liko chini mno, jeki haiingii. Wakalipandisha kwanza juu ya mbao mbili, wakaweka mawe nyuma ya matairi, ndipo wakaingiza jeki na kusimamisha stendi za chuma. Hedi akalitikisa kwa bega. Likatulia.

"Jeki inainua, haishikilii," akasema, kama kila wiki. "Na mtu haingii chini peke yake. Marehemu kaka yangu aliingia peke yake."

"Najua, ndugu yangu. Nipe spana ya kumi na saba."

Hedi akampa ya kumi na tisa.

"Ehe! Umeshakuwa kipofu?"

"Miwani imenipotea tangu jana. Wewe fanya kazi, acha maneno."

Monsef akajivuta chini ya gari. Nati ilikuwa imelegea nusu mzunguko, vilevile alivyozoea kuilegeza yeye kwa kulala ubavu nje na kupenyeza mkono. Kando yake, juu ya ukingo wa chuma, kulikuwa na miwani iliyokunjwa vizuri.

"Vipi huko?" Hedi akauliza.

"Pabaya," Monsef akajibu. "Itabidi uje na wiki ijayo."

Akaitia miwani mfukoni. Akaikaza nati mpaka mwisho, kisha akairudisha nusu mzunguko.