Jiwe la Mtaliano

Kila Ijumaa Bi Mwanakheri alilinyunyizia maji jiwe la yule Mtaliano aliyekuja zamani kuvumbua mto ambao watu walikuwa wakiunywa tangu mababu. Aliweka kishada cha mrehani na kunong'ona, "Mama usiyenijua, nakutunzia wako. Nawe nitunzie wangu."

Wake alikuwa mwanawe Badi, aliyezama baharini akienda Italia kutafuta kazi, maiti yake isirudi.

Ijumaa hii aliwakuta vibarua wameling'oa jiwe ili barabara ipanuliwe, wamebakisha shimo.

"Karisa, mifupa yake mmeipeleka wapi?" alimuuliza msimamizi wao.

"Hamna mifupa, mama. Huyu alipotelea bara, hakuonekana tena. Waliweka jiwe la ukumbusho tu."

Bi Mwanakheri aliketi juu ya kifusi, mrehani ukimnyaukia mkononi. Vibarua walipokwenda kula, alirudi nyumbani akaleta kanzu ya Idi ya Badi. Akateremka shimoni, akailaza kwa ubavu wa kulia, ikaelekea kibla.

Karisa aliporudi na sepetu alimkuta amesimama humo humo.

"Toka, mama, tufukie."

"Fukieni taratibu, wanangu," alisema, wala hakutoka.