Simu ya Alfajiri

Kidole cha mtafiti kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta. Kwenye mchoro wake, nchi zilikuwa nukta na mawasiliano yao mistari. Kati ya nchi yake na nchi jirani, zilizopigana miaka sita, ulibaki mstari mmoja tu: simu moja kila alfajiri.

"Takwimu zimekosea," alimwambia baba yake, mpima mto mstaafu.

Baba aligusa skrini kwa ukucha uliopasuka. "Ni mimi huyo, mwanangu. Mto ukijaa kwetu, wao huzama. Nilikuwa nikimsomea mpima mwenzangu wa upande wao kina cha maji."

"Na wakubwa wako?"

"Wangejua, ungelelewa na mjomba."

"Bado mnaongea?"

"Amani ilipokuja, mitambo ikachukua kazi. Nimpigie nimwambie nini?"

Mtafiti aliondoa kidole, akamsogezea simu.

Baba alibonyeza namba yote bila kuitafuta popote.