Nati Juu ya Rangi Mbichi

Jana magurudumu ya lori la jeshi yalipakwa rangi nyeupe kwa ajili ya sherehe ya mjini Koboko, na nati zikakazwa rangi ikiwa bado mbichi. Asubuhi, fundi Yakubu aligusa nati moja. Ikazunguka kwa kidole, kama kifuniko cha chupa.

Akachukua spana.

"Wewe! Rangi iko mpya," afande msimamizi wa lori akafoka. "Ukichafua, mimi nakufunga."

"Afande, nati zimelegea. Nikaze kwanza."

Afande akashika bastola. "Weka chini."

Yakubu akaiweka spana chini.

Wanawake wa ngoma ya sherehe walikuwa wakipanda lori huku wakicheka. Mkewe, wa mwisho, akamnyooshea mkono amsaidie kupanda.

Akaushika. Injini ikanguruma, wanawake wakaanza kuimba, na Yakubu bado hajauachia.